Chini ya Ukumbi wa Tokugan

Jirani yangu Tatsue alipika katika jiko la shule ya msingi ya mtaa wetu kwa miaka thelathini na mmoja. Ukitembea naye mjini Nakatsugawa utachelewa uendako, maana kila baada ya hatua kumi kuna mzee mwenye kipara anayesimama, anainama, na kumwambia, "Mama wa jikoni, kari yako ya Ijumaa siisahau." Naye anacheka na kuwakumbusha ya utotoni: wewe ulikuwa huli karoti, wewe ulificha samaki mfukoni mpaka akaoza.

Mtoto wa kumzaa alimpata mmoja tu, Nobuyasu, na huyo kwa miaka kumi na miwili hakumwona akila.

Mimi naitwa Chiyoe, nina duka la dobi, na ukuta wangu na wake umeshikana. Nobu nilimjua tangu akitambaa. Alikuwa mtoto mpole, wa kusoma sana, anayeomba radhi hata ukimkanyaga wewe. Alisoma chuo kikuu Nagoya, akapata kazi hukohuko katika ofisi ya kuchora majengo, na masika moja, akiwa na miaka ishirini na tisa, akarudi nyumbani na begi moja. Alisema amechoka, angelala kidogo. Akapanda ngazi, akafunga mlango. Wazazi wake walidhani ni wiki. Kisha wakadhani ni mwezi. Baba yake alifariki mwaka wa tano, na siku ya mazishi mlango ule haukufunguka. Muda wote mtawa alipokuwa akisoma dua sebuleni tulisikia mbao za juu zikilia, mtu akitembea huku na huku, huku na huku, na hakuna aliyethubutu kuinua macho.

Tatsue alifanya kila alichoambiwa. Daktari alisema, "Mlete." Angekuwa anaweza kumleta, angemtafuta daktari wa nini? Afisa wa ustawi wa jamii alikuja, akakaa kwenye ngazi, akazungumza na mlango nusu saa, akaacha kijitabu. Kuna mtu alikuja na gari lenye wanaume wanne, kazi yao kuwatoa kwa nguvu watu waliojifungia. Tatsue alimsikiliza mpaka mwisho, akampa chai, akamwomba asirudi tena. Basi ikabaki sinia ya chakula, asubuhi, mchana na jioni, mbele ya mlango. Nobu akihitaji kitu anatoa kijikaratasi kwa chini: Sabuni. Betri. Wembe. Neno moja, mara chache mawili.

Kwa hiyo Oktoba ile Tatsue alipoingia dukani kwangu na ndara za ndani miguuni, mwanamke ambaye hajawahi kutoka hata hadi kwenye sanduku la barua bila viatu, nilijua kuna msiba.

"Chiyoe, soma hapa. Macho yangu yananidanganya."

Ilikuwa karatasi ndogo, mwandiko wa mchoraji, herufi zimenyooka kama zimepigiwa rula. Hekalu la Tokugan. Nataka kwenda. Siku isiyo na watu.

"Siku isiyo na watu!" nilisema. "Tokugan, na majani yameshageuka rangi, watalii wamefurika? Mwambie asubiri miaka mia."

"Usinitanie, mdogo wangu. Leo usinitanie."

Nikaweka pasi chini, nikamvutia kiti. Tulikubaliana Jumatano, twende mapema, kwa gari langu.

Siku hiyo, kabla sijawasha gari, aliniinamia dirishani. "Akitoka usimwangalie. Usimsalimu. Endesha tu kama umepakia viazi."

Nikaendesha kama nimepakia viazi. Lakini kioo cha gari ni kioo. Nilimwona mwanaume mrefu, nywele mpaka mabegani, barakoa usoni, kofia ya jaketi imevutwa mpaka kwenye nyusi, na viatu vya marehemu baba yake. Ngozi ya mikono ilikuwa nyeupe kama mzizi uliochimbuliwa. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Mtoto niliyemwosha magoti alipoanguka na baiskeli. Nililazimika kuikazia macho barabara.

Safari ilikuwa ya saa mbili na nusu. Tatsue alikaa nyuma pamoja naye, mikoba mapajani, mgongo haujagusa kiti.

Maegesho ya Tokugan yalikuwa yamejaa mabasi. Watoto wa shule wenye kofia za njano walikuwa wakihesabiwa kwa sauti, wageni wa Ulaya wakipiga picha mpaka mashine ya vinywaji, na kundi la kina mama wa Osaka walikuwa wanashuka huku wakicheka kana kwamba hekalu zima ni la shangazi yao. Nilimtazama Tatsue kwenye kioo. Uso ulikuwa umemwanguka.

"Turudi?" niliuliza.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Nobu alikuwa ameshashuka.

Alitembea pembeni kabisa ya njia ya mawe, karibu na mfereji, kama paka anayepita kwenye nyumba ya watu. Sisi tulimfuata kwa nyuma. Tatsue alijitahidi kuwa mtalii. "Tazama mnara, Nobu, ghorofa zote tano wamezipaka rangi upya. Tazama samaki walivyonenepa bwawani." Alikuwa anasema na mgongo. Mbele ya ukumbi mkuu, kwenye chungu kikubwa cha ubani, watu walikuwa wakijipepea moshi, unaosemwa huponya, huyu kichwani, yule kwenye goti linalomuuma. Tatsue ana magoti mabovu kuliko yote ninayoyajua. Hakuyapa hata chembe. Aliukusanya moshi kwa mikono miwili na kuusukuma kimyakimya kwenye mgongo wa mwanawe, mara moja, mara mbili, mara tatu, na Nobu alipotaka kugeuka akajifanya anakohoa.

Ndani tulivua viatu, tukavitia kwenye mifuko ya plastiki. Upande wa kulia wa madhabahu kuna ngazi zinazoshuka chini ya sakafu. Huko kuna njia nyembamba inayozunguka chini ya sanamu ya Buddha, giza tupu, hata ukiinua mkono mbele ya macho huuoni. Unashika ukuta kwa mkono wa kulia, usawa wa kiuno, unakwenda polepole mpaka vidole vigonge kufuli la chuma. Ukilitikisa, umejifunga na Buddha aliye juu yako, na siku ya kufa hutapotea. Kisha unatokea upande wa kushoto, umefumba macho kwa mwanga.

Nobu alishuka bila kugeuka, katikati ya watoto wa kofia za njano na wale wanawake wa Osaka. Tatsue na magoti yake hakuweza kumfuata. Tulizunguka tukasimama kwenye ngazi za kutokea, kando ya mzee mmoja wa hekalu aliyevaa koti la buluu lenye kibandiko cha jina, Kuroiwa.

Watoto wakatoka wakipiga kelele. "Nimegusa!" "Muongo, mimi ndiye nimegusa!" Mmoja akasema, "Mwalimu, kuna mtu amekaa chini," lakini mwalimu alikuwa anahesabu kofia.

Kisha tukasikia yowe. Mama mmoja wa Osaka akatoka mbio, sketi yenye picha za chui, mkono ameuinua juu kama umeungua.

"Jamani, kufuli limeota nywele!"

Wenzake wakaangua kicheko.

"Mnacheka? Nimeamka alfajiri nije kushika kufuli la Buddha, nimeshika kichwa cha mwanaume! Wangu mwenyewe sijamshika kichwa mwaka wa ishirini huu!"

Kicheko kikazidi, hata mzee Kuroiwa akauma mdomo. Tatsue peke yake hakucheka. Alisogea mbele na kuinama mpaka nikaona kisogo chake chote.

"Samahani sana. Ni mwanangu."

Yule mama akashusha mkono.

"Anaumwa?"

"Hapana," Tatsue alisema. "Ndiyo. Sijui."

Mama wa Osaka alimtazama, akafungua mkoba, akachimbachimba, akatoa pipi nne na kumtia kiganjani. "Akitoka mpe. Na wewe kula moja, umekauka." Akawasukuma wenzake waende. Kule mbali nilimsikia bado anawakemea, "Kimya nyie, hamna watoto?"

Mzee Kuroiwa alifunga kamba kwenye ngazi za kuingilia. Kila aliyeuliza alimwambia, "Ukarabati mdogo." Akashuka na kurudi.

"Amekaa chini palepale penye kufuli," alisema. "Nimemsalimia, hakujibu. Si mkorofi. Mama, taa ya dharura ipo. Nikibonyeza hapa, huko chini kote kunakuwa mchana. Atatoka mwenyewe."

"Usiwashe."

"Kuna foleni mpaka uwanjani."

"Mzee wangu, nakuomba. Ukiwasha hatatoka tena popote, maisha yake yote."

Mzee alikuna shingo. Alitazama foleni, akatazama saa, akamtazama mwanamke yule wa miaka sabini na nne aliyeshika pipi nne kama dawa. "Mpaka mchana," alisema.

Mpaka mchana. Tulikaa kwenye ngazi. Juu yetu watawa walikuwa wakipiga ngoma na kusoma, sakafu ikitetemeka, sarafu zikianguka sandukuni, watu mamia wakiomba afya na mitihani na wachumba. Tatsue hakuomba chochote. Nilimuuliza kwa nini. "Nimeshaomba yote, Chiyoe," alisema. "Sina jipya la kusema."

Saa sita ilipopita alisimama, akashika ukuta kwa mkono wa kushoto, akashuka kwa kinyume. Nilimfuata hadi ngazi ya mwisho, mzee Kuroiwa nyuma yangu. Mbele yetu palikuwa peusi kabisa. Tulisikia soksi zake zikiburuzika, zikasimama.

"Nobu."

Soksi zikasogea tena.

"Nobu, ni mimi."

"Najua." Sauti ilikuwa nene, yenye kutu. Sikuitambua. "Unanuka mafuta ya kuchua."

Tatsue akatoa kicheko kidogo cha ajabu, nusu yake kilio. Tukasikia anajishusha chini, mifupa ikilia, mpaka akakaa. Mzee Kuroiwa alinigusa bega, akapanda juu kwa ncha za vidole. Mimi nilipaswa kumfuata. Sikumfuata, nakiri.

"Hapa pazuri," Nobu alisema. "Haonekani mtu."

"Hata mimi sijioni."

"Mliponileta nikiwa na miaka saba niliogopa. Sikuligusa kufuli. Nilisema nimeligusa."

"Kumbe."

"Baba alifurahi. Akawa anamwambia kila mtu."

"Aliwaambia mpaka fundi bomba," Tatsue alisema. "Sasa umeligusa?"

"Tangu asubuhi nimelishika."

"Na?"

"Ni chuma tu, mama."

Nilisikia kufuli likigonga, kavu, mara mbili. Labda alikuwa anamwonyesha.

Kisha Tatsue akauliza swali ambalo kwa miaka kumi na miwili aliniuliza mimi, akamuuliza daktari, akaiuliza picha ya marehemu mumewe, lakini hakuwahi kulisema mbele ya mlango ule. Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza iwapo wali uongezwe.

"Nobu, mimi nikifa, nani atakupandishia chakula?"

Ngoma ya juu ilikuwa imenyamaza. Nilisubiri. Naamini hata yeye Nobu alikuwa anasubiri, ajisikie atasema nini.

"Sijui, mama."

"Na mimi sijui."

Basi. Hakuna aliyelia, hakuna aliyeahidi kitu. Walikaa bega kwa bega kwenye giza, watu wawili wasiojua.

Kilichowatoa mle si maombi wala maneno. Ni magoti. Tatsue alitaka kuinuka, hakuweza. Akajaribu tena, akaanguka kwa kishindo, akasema, "Haya, sasa mimi ndiye nitakayebaki humu." Nikasikia Nobu anahema, anapapasa, anamkosa, anamshika kwapani. Alimwinua. Walianguka wote wawili mara moja, nikataka kukimbilia, lakini sikujua pa kukimbilia. Mwishowe soksi zikaanza kuburuzika kuja upande wangu, jozi mbili, taratibu sana.

Alitoka amevuta kofia mpaka puani, mama yake amemwegemea. Miguu yake ilikuwa inatetemeka kuliko ya mama. Watu wa foleni walitazama. Mzee Kuroiwa hakuuliza kitu. Alisema tu, "Viatu vyenu hivi hapa," akawapa mifuko kwa mikono miwili.

Njiani nilinunua vyakula vya boksi, nikavipitisha nyuma bila kugeuka. Nikasikia vijiti. Nikamsikia Tatsue akila, na mwingine akila. Kwenye kioo nilimwona mama akimtazama mwanawe kwa pembe ya jicho, wali umemganda mdomoni, hamezi.

Sasa nisimulie kosa langu, maana lipo na ni langu.

Siku iliyofuata mlango wa juu uliachwa wazi upana wa kiganja. Siku ya pili vilevile. Tatsue alikuja kuniambia kwa kunong'ona, kana kwamba sauti ingeufunga. Na mimi, kwa furaha, sikuweza kuishikilia. Nilimwambia muuza maharage, nikamwambia mke wa kinyozi, nikawaambia wateja wawili watatu waliokuja kuchukua makoti. "Nobu ametoka! Alikwenda Tokugan!" Siku ya tatu mwenyekiti wa mtaa, mtu mwema asiye na hila, akipita na baiskeli alisimama chini ya dirisha, akapaza sauti:

"Nobu! Karibu tena duniani! Jumapili tunafagia mfereji, nakuwekea fagio!"

Nilikuwa mlangoni pangu. Niliona pazia likisogea. Kesho yake dirisha lilikuwa limezibwa na maboksi kwa ndani, na mlango umefungwa. Kijikaratasi kilisema: Sitatoka tena.

Nilikwenda kumpigia Tatsue magoti. Alininyanyua. "Wewe ulifurahi," alisema. "Ningekuwa na nguvu, na mimi ningepita mitaani nikipiga kelele." Hakuwahi kunilaumu, na ndiyo maana bado linaniuma.

Januari aliteleza kwenye barafu akitoa takataka, nyonga ikavunjika. Gari la wagonjwa lilimchukua mbele ya mlango wangu. Kabla hawajafunga, alinishika mkono. "Chakula, Chiyoe. Wali usiwe mgumu."

Wiki saba nilipanda ngazi zile mimi. Naweka, nabisha mara mbili, nashuka. Siku ya kwanza sinia ilirudi kama nilivyoipeleka. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu kulikuwa na karatasi: Mama?

Niliandika, Nyonga. Anaendelea vizuri. Hospitali ya mjini, chumba namba mbili ghorofa ya nne. Niliandika na basi la kupanda, ujinga wangu. Nikaongeza, Ukitaka nakupeleka. Siku ile alikula nusu. Jibu halikuja. Kila jioni Tatsue alikuwa ananiuliza kitandani, "Amesema nini?" nami namwambia amekula, maana hilo lilikuwa kweli.

Tatsue alirudi nyumbani mwezi wa tatu. Kitanda chake kipo sebuleni, kupanda hawezi na daktari anasema hataweza tena. Mimi naweka chakula kwenye ngazi ya chini, narudi dukani. Kama saa saba mchana, nyumba ikiwa kimya, Nobu anashuka kukichukua. Tatsue anasikia kila mbao. Anasema kuna siku hapandi mara moja. Anasimama nyuma ya mlango wa karatasi wa sebuleni, kivuli chake kinaonekana, dakika tano, dakika kumi. Naye Tatsue anafumba macho na kujifanya amelala.

"Kwa nini humwiti?" nilimuuliza juzi nikimgeuza mto.

"Nikimwita akikimbia, je?"

"Na asipokimbia?"

Alifikiri. Nje watoto wa shule walikuwa wanapita kurudi nyumbani, mmoja akaita, "Bibi wa jikoni, pona haraka!" na hakumjibu.

"Asipokimbia," alisema, "nitamwambia nini, Chiyoe? Niambie, nitamwambia nini?"

Nilimfunika miguu.